Safari ya miezi mingi: Namna ya kuchagua kifaa cha kuhifadhia picha

MSAFIRI anayeondoka nyumbani kwa wiki moja hana sababu kubwa ya kuumiza kichwa kuhusu picha zake. Kadi moja ya memori ndani ya kamera, au nafasi iliyomo kwenye simu ya mkononi, humtosha mpaka siku ya kurejea. Hali ni tofauti kwa yule anayekwenda kwa miezi mitatu, sita au mwaka mzima. Huyo atapiga maelfu ya picha, atalala katika nyumba nyingi za wageni, atapanda mabasi, malori na boti, na mzigo wake utapita mikononi mwa watu asiowafahamu. Mkoba ukiibwa stendi, kamera itanunuliwa nyingine, lakini picha ya bibi kizee aliyemkaribisha kijijini, ambaye pengine hataonana naye tena, haiuzwi katika duka lolote.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kujiuliza dukani si ukubwa wa kifaa wala kasi yake. Swali ni hili: kifaa hiki kikipotea leo jioni, picha zilizomo zitakuwa zimebaki wapi? Kwa kipimo hicho, diski mbili ndogo za bei ya wastani humfaa msafiri kuliko diski moja kubwa ya bei ya juu, na kadi nne za memori humfaa kuliko moja yenye nafasi ya kadi zote nne.

Wazo hilo si geni kwa wapigapicha. Mmarekani Peter Krogh, katika kitabu chake The DAM Book kilichotoka mwaka 2005, alilieleza kwa kanuni ya tarakimu tatu ambayo leo inajulikana duniani kote: nakala tatu za kila picha, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na nakala moja iwe mbali na nyingine. Mtu aliye ofisini huitimiza kanuni hiyo kwa urahisi. Aliye njiani, mwenye begi moja mgongoni, inambidi aipange kabla ya kuondoka.

Miaka ya mwanzoni mwa 2000, kamera za dijitali zilipoanza kuenea, wasafiri waliokuwa safarini kwa muda mrefu walikuwa wakiingia katika migahawa ya intaneti na kulipia picha zao zinakiliwe kwenye sahani za CD, kila moja ikiwa na nafasi ya megabaiti 700. Kisha vikaja vifaa maalumu. Mwaka 2004 kampuni ya Epson ilitoa P-2000, diski ya mfukoni ya gigabaiti 40 yenye kioo cha kutazamia picha na tundu la kuchomekea kadi, na mwaka uliofuata Apple ilitoa kiunganishi kilichowezesha iPod kupokea picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Vifaa vya namna hiyo vimekwisha kutoweka sokoni, kwa kuwa kazi yao sasa hufanywa na simu iliyounganishwa na diski ndogo kwa waya mmoja.

Hesabu kabla ya kununua

Wengi hununua kifaa kwa kukisia, ilhali hesabu yake ni nyepesi. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya JPEG yenye megabaiti 10 hivi. Faili ghafi, linaloitwa RAW, ambalo wapigapicha wazoefu hulipendelea kwa kuwa linawaachia nafasi kubwa ya kurekebisha mwanga na rangi, linaweza kufika megabaiti 30. Anayepiga picha 100 kwa siku, kwa siku 90, atarudi na picha 9,000. Zikiwa za JPEG, hizo ni gigabaiti 90. Zikiwa za RAW, ni gigabaiti 270.

Kinachovuruga hesabu ni video. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula megabaiti 750 kila dakika, sawa na gigabaiti 45 kwa saa moja. Anayerekodi dakika 10 tu kwa siku atakuwa amejaza gigabaiti 675 siku 90 zikitimia. Akizijumlisha na picha zake za RAW, anakaribia terabaiti moja, na hiyo ni nakala ya kwanza tu. Hapo ndipo msafiri anapopaswa kuamua mapema kama kweli anahitaji video ya ubora huo au kiwango cha chini kinamtosha.

Mnunuzi asishtuke pia akiunganisha diski mpya ya terabaiti moja na kuona Windows ikionyesha gigabaiti 931. Hajaibiwa. Watengenezaji huhesabu kwa makumi na programu hiyo huhesabu kwa vipeo vya mbili, basi.

Diski ya kuzunguka au SSD?

Diski za mfukoni zinazouzwa madukani ni za aina mbili, na kwa macho zinaweza kufanana. Ya kwanza ni diski ya kuzunguka, ambayo wengi huiita eksteno. Ndani yake mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Ya pili ni SSD, ambayo haina sehemu yoyote inayotembea. Picha huhifadhiwa katika vipande vya memori kama vile vilivyomo ndani ya simu.

Sifa kubwa ya diski ya kuzunguka ni bei. Kwa kiasi kilekile cha fedha, mnunuzi hupata nafasi kubwa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba ikianguka mezani wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza, na picha zilizokuwa hapo zikapotea. Basi linalopita katika barabara ya vumbi yenye mashimo si mahali pa kuiwasha.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji ni nadra kulitaja. Kinachokiinua kichwa hicho juu ya sahani ni hewa. Hewa ikiwa nyepesi, kichwa hushuka. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huweka ukomo wa kuitumia diski ya aina hii kuwa takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa anayepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, maana yake ni kwamba diski inaweza kuwashwa katika kituo cha Mandara, kilicho mita 2,720, lakini haifai kuwashwa Horombo kwenye mita 3,720, wala Kibo kwenye mita 4,720, sembuse kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Anayekwenda La Paz nchini Bolivia, mji ulio zaidi ya mita 3,600, atakuwa juu ya ukomo huo akiwa amekaa chumbani kwake hotelini. Kuibeba ikiwa imezimwa hakuna tatizo, na ndani ya ndege pia hakuna tatizo, kwa kuwa hewa ya ndani hushindiliwa ifanane na ya mahali pasipozidi mita 2,400 hivi.

SSD haijali mwinuko, na kuanguka kwa kawaida haiogopi. Uzito wake ni mdogo mno: Samsung T7, iliyotoka mwaka 2020, ina gramu 58, na zipo nyingine za makampuni mengine zinazokaribiana nayo. Kwa safari ya miezi mingi hiyo ndiyo aina inayofaa, hata kama nafasi yake itakuwa ndogo kwa bei hiyohiyo.

Hata hivyo, mnunuzi asidanganywe na tarakimu za kasi zilizoandikwa kwenye boksi. T7 hutajwa kuwa na kasi ya megabaiti 1,050 kwa sekunde, lakini kadi za SD zilizo nyingi mikononi mwa watu ni za kiwango cha UHS-I, ambacho ukomo wake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Picha haziwezi kuingia kwenye diski kwa kasi kuliko zinavyotoka kwenye kadi. Kadi iliyojaa gigabaiti 64 itachukua dakika 12 hivi kunakiliwa, diski iwe ya kasi ya kawaida au ya kasi kubwa kabisa. Fedha ya ziada afadhali inunue diski ya pili.

SSD nayo ina ila yake. Diski ya kuzunguka mara nyingi hutoa dalili kabla ya kufa: huanza kugonga, huchelewa kufungua faili. SSD inaweza kuwa nzima asubuhi na jioni isionekane kabisa kwenye kompyuta, na mafundi hupata taabu kubwa zaidi kuokoa kilichomo.

Kadi ni hifadhi pia

Kosa linalofanywa na wengi ni kuinakili kadi kwenye diski jioni, kisha kuifuta ili itumike kesho yake. Hapo picha zinakuwa zimetoka sehemu moja na kuingia sehemu moja nyingine; nakala haikuongezeka. Msafiri anayeweza kumudu kadi za kutosha asifute kitu mpaka arudi nyumbani. Kadi iliyojaa huandikwa namba, huwekwa katika kijaluba kigumu, na hukaa mbali na diski.

Baadhi ya kamera zina matundu mawili ya kadi, na zinaweza kupangwa ziandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Mwenye kamera ya namna hiyo anayeliacha tundu la pili bila kadi anajinyima kinga rahisi kuliko zote zilizotajwa katika makala haya. Mwenye kamera ya zamani, kwa upande wake, aangalie kama inakubali kadi za SDXC. Kamera nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2009, ulipotangazwa mpango huo, huishia kwenye SDHC, ambayo mwisho wake ni gigabaiti 32.

Bandia zinavyodanganya

Hatari iliyo kubwa kuliko mwinuko na vumbi ipo dukani kwenyewe. Kadi za memori, flashi na hata SSD bandia zimejaa katika masoko ya miji mikubwa na katika maduka ya mtandaoni. Bandia iliyotengenezwa vizuri huwa na boksi, nembo na namba kama ya kweli. Ndani yake huwa mna memori ndogo, tuseme gigabaiti 32, ila kidhibiti chake kimechezewa ili kiiambie kamera kwamba nafasi ni gigabaiti 512.

Ubaya wake ni kwamba haikatai. Gigabaiti 32 za kwanza huingia salama, na mwenye kadi huzitazama na kuridhika. Zikishajaa, kamera huendelea kuandika kama kawaida, lakini picha mpya ama hufuta za zamani au hazihifadhiwi popote. Majina ya faili yote huonekana, na wakati mwingine hata vijipicha vidogo vya kutambulishia. Ni pale mtu anapojaribu kufungua picha yenyewe, pengine wiki tatu baadaye, ndipo anapokuta kioo cha kijivu. Mtu wa harusi angelalamika siku ya pili. Msafiri hugundua akiwa nchi nyingine, na muuzaji hamkumbuki.

Dawa yake ni kuipima kadi kabla ya safari, na programu za kazi hiyo hutolewa bure: H2testw kwa watumiaji wa Windows, na F3 kwa watumiaji wa Mac na Linux. Programu hizo huijaza kadi yote kwa data za majaribio, kisha huzisoma upya na kulinganisha. Kadi ya gigabaiti 512 inayoandika kwa megabaiti 60 kwa sekunde itahitaji karibu saa mbili na nusu za kujazwa, na muda mwingine wa kusomwa. Ni kazi ya usiku mmoja. Bei iliyo chini mno ikilinganishwa na maduka mengine nayo ni onyo la kutosha, na anayenunua diski ya terabaiti 16 yenye ukubwa wa kiberiti kwa bei ya mlo wa hotelini hahitaji kupima chochote.

Bila kompyuta mpakato

Wasafiri wengi hawapendi kubeba kompyuta, na siku hizi si lazima. Simu nyingi za Android zenye tundu la USB-C husoma diski na visoma kadi, na iPhone nazo zilihamia kwenye tundu hilo kuanzia iPhone 15 mwaka 2023. Kiunganishi kidogo chenye matundu kadhaa humwezesha msafiri kuchomeka kadi upande mmoja na SSD upande wa pili, akanakili kwa kutumia programu ya mafaili iliyomo ndani ya simu. Diski ifomatiwe kwa mfumo wa exFAT, unaosomeka na Windows, Mac na simu nyingi mpya. FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na NTFS haiandikiki kwenye Mac bila programu ya ziada.

Kila jioni, picha zinakiliwe, zisihamishwe. Kuhamisha hufuta chanzo, na waya ukichomoka katikati hasara inaweza kuwa ya pande zote mbili. Kisha zifunguliwe picha chache za mwanzo, za katikati na za mwisho kutoka kwenye diski yenyewe. Ikitokea kwamba picha zimefutwa kwa bahati mbaya kwenye kadi, kadi hiyo itolewe kwenye kamera papo hapo na isipigiwe hata picha moja zaidi. Programu ya bure ya PhotoRec mara nyingi huweza kuzirudisha iwapo hakuna kilichoandikwa juu yake.

Anayelazimika kutumia kompyuta ya mgahawa wa intaneti asukume kwanza kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ya SD, kinachozuia kuandikwa. Virusi vya kompyuta hizo ni vingi. Kadi ndogo za simu hazina kitufe hicho.

Mtandao usitegemewe peke yake

Hifadhi ya mtandaoni ndiyo nakala iliyo mbali kuliko zote, na kwa picha za simu inafanya kazi vizuri. Tatizo ni kasi na gharama ya kupandisha. Gigabaiti 4, ambazo ni picha za RAW za siku moja na nusu hivi, huhitaji karibu saa moja na dakika 47 kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde. Gigabaiti 100 huhitaji zaidi ya saa 44. Zama za bure nazo zimepita: Google Photos iliacha kupokea picha bila ukomo tarehe 1 Juni 2021, na nafasi ya bure sasa ni gigabaiti 15 zinazogawanywa pamoja na barua pepe.

Mtandao wenyewe unaweza kukatika kwa siku kadhaa. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika katika pwani ya kusini mashariki mwa Afrika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Anayeutumia mtandao kama nakala yake pekee angekuwa safarini juma hilo angebaki na picha mahali pamoja tu. Njia yenye busara ni kuchagua picha 10 au 20 bora za kila siku na kuzipandisha kama JPEG, kisha faili kamili zibaki kwenye diski.

Lipo pia suala la namba za siri zinazotumwa kwa ujumbe wa simu. Msafiri aliyebadilisha laini nchini Zambia atashindwa kuifungua akaunti inayopeleka namba hizo kwenye laini yake ya Dar es Salaam iliyozimwa. Kabla ya kuondoka, aweke njia ya pili ya kuthibitisha, na orodha ya namba za dharura aiandike kwenye karatasi.

Mifuko miwili, si mmoja

Tuchukue msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa mabasi kupitia Tunduma, Lusaka na Livingstone hadi Cape Town. Diski ya kwanza hukaa kwenye kijifuko cha kiunoni pamoja na pasipoti, wala haiingii kwenye buti la basi. Kadi zilizojaa hukaa ndani ya begi kubwa, katikati ya nguo. Diski ya pili, kama anayo, hukaa na mwenzake wa safari. Kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambako manyunyu hulowanisha kila kitu wakati mto Zambezi umejaa, kifaa chenye kiwango cha IP67 huhimili maji. Kisicho nacho hufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine.

Njia ya zamani ya kumpa mzigo mtu anayerudi nyumbani haijapitwa na wakati. Kadi moja iliyojaa huenea ndani ya bahasha, na jamaa anayerejea, au ofisi ya vifurushi ya basi, huifikisha. Lakini kilichonakiliwa kutoka kadi hiyo kisifutwe mpaka ndugu aliyeipokea aifungue na kuthibitisha kwamba picha zinaonekana.

Diski inayobeba nakala za pasipoti na picha za watu wengine inastahili kufungwa kwa nywila. Baadhi ya SSD zina kufuli hiyo ndani yake. BitLocker na VeraCrypt hufanya kazi hiyo kwa kompyuta, ila diski iliyofungwa kwa VeraCrypt haitafunguka kirahisi kwenye simu. Nywila ikisahaulika hakuna fundi atakayesaidia, hivyo mtu mmoja wa nyumbani aifahamu.

Baada ya kurudi, SSD haifai kuachwa kabatini kama ghala la kudumu. Memori yake huhifadhi picha kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja taratibu, hasa kwenye joto. Kiwango kinachofuatwa na watengenezaji huitaka SSD ya kawaida, iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa uwezo wake, ihifadhi data kwa mwaka mmoja bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Mpya hudumu zaidi ya hapo, lakini chumba chenye paa la bati mjini Mombasa au Dar es Salaam huvuka nyuzi hizo kwa urahisi. Hapa ndipo diski ya kuzunguka, iliyoachwa nyumbani wakati wa safari, inapopata kazi yake: hupokea picha zote, idadi ya faili hulinganishwa na ile ya kwenye SSD, na baada ya hapo tu kadi za safari zinaweza kufomatiwa, ndani ya kamera yenyewe na si kwenye kompyuta.